Deni la Mzazi Mwanafunzi

Elimu husifiwa na watu wote, na mtu aitafutaye husifiwa pamoja nayo. Lakini sifa hii imezoeleka kutolewa bila ya kuuliza ni nani aliyelipa gharama. Kijana asiye na mke wala mtoto akienda chuoni hutumia wakati wake mwenyewe, na akishindwa sehemu kubwa ya hasara ni yake. Mzazi akienda chuoni hutumia wakati wake pamoja na wakati wa watu wengine. Saa aliyokaa na kitabu ni saa ambayo mtoto wake aliingojea, na mtoto huyo hakuulizwa kama yu radhi kuitoa. Basi nataka kuchungua katika insha hii swali moja: mtu mwenye kazi na watoto ana haki gani ya kurudi darasani, na akirudi anaingia katika deni gani, na deni hilo hulipwaje?

Swali hili sikulipata vitabuni. Limetoka nyumbani kwetu Usevya, katika nchi ya Mpimbwe, Mkoa wa Katavi. Msafiri atokaye Mpanda hupita Sitalike, ambako viboko hujazana katika mto Katuma wakati wa kiangazi. Hukata Hifadhi ya Katavi, iliyofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1974. Kisha hutokea katika vijiji vyetu vya bonde la Rukwa. Ni nchi ya joto, ya mpunga na mahindi. Wenyeji wake ni Wapimbwe. Wafipa ni jirani zao wa zamani, na Wasukuma wameingia kwa wingi pamoja na ng'ombe wao na plau zao. Huko ndiko aliko ndugu yangu wa kike, mdogo wangu kwa miaka minne, muuguzi katika zahanati moja. Mume wake ni mkulima wa mpunga, na watoto wao ni wawili, msichana na mvulana. Alikuwa na umri wa miaka 39 alipoazimu kurudi chuoni kujifunza takwimu: namna ya kukusanya data, kuisafisha, kuipanga katika majedwali ya kompyuta, kuisoma na kuieleza. Masomo yalikuwa ya mwaka mmoja, na chuo kilikuwa mbali, mwendo wa siku mbili kwa gari na treni.

Inafaa nieleze kilichomsukuma, maana hakusukumwa na tamaa ya cheo. Kila zahanati katika Tanzania huandika habari zake katika vitabu vijulikanavyo kwa jina la MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya. Mjamzito aliyepimwa, mtoto aliyechanjwa, mgonjwa wa malaria, wote huandikwa. Mwisho wa mwezi hesabu hujumlishwa, hupelekwa mbele, na kuingizwa katika mfumo wa kompyuta uitwao DHIS2, ambamo walio wilayani, mkoani na wizarani huweza kuziona. Ndugu yangu alikuwa amejaza vitabu hivyo kwa miaka mingi, kama mtu abebaye barua asiyojua kuisoma. Siku moja mgeni aliyekuja kukagua alimwonyesha nafasi mbili tupu katika karatasi za miezi miwili, zote chini ya kichwa kimoja: watoto waliofariki katika kuzaliwa. Alimwuliza maana yake. Akajibu kwamba katika mwezi wa kwanza nafasi ilikuwa tupu kwa sababu hakufa mtoto. Katika mwezi wa pili ilikuwa tupu kwa sababu yeye aliugua, na aliyeshika zamu yake hakuandika. Na mwezi huo walikufa watoto wawili, mmoja wao wa jirani yake. Mgeni akamwambia, "Huko zinakosomwa, nafasi zote mbili zimesomwa kuwa sifuri."

Neno hilo alikwenda nalo nyumbani. Alisema kwamba alizika mtoto wa jirani yake mara mbili, mara ya kwanza kaburini na mara ya pili katika karatasi. Baada ya miezi michache aliomba kibali cha masomo, akakipata.

Hapo ndipo ukoo ulipoitisha kikao. Baba yetu mkubwa alifungua maneno kwa methali ya samaki hukunjwa angali mbichi, akataka kujua ni samaki gani wa miaka 39 akunjwaye asivunjike. Shangazi aliuliza watoto wataachiwa nani. Mwingine aliuliza mume atapikiwa na nani, ingawa mume mwenyewe, aliyekuwa amekaa pembeni, alikwisha kusema kuwa amekubali. Mama yetu peke yake alikuwa upande wa binti yake. Alisema mchelea mwana kulia hulia yeye, na kwamba wajukuu wake si yatima, wana bibi. Kikao kilikwisha usiku wa manane kwa ruhusa iliyotolewa nusu nusu, kama chumvi ya kuazimwa.

Nami nilikuwapo, nikamtetea mdogo wangu kwa ufasaha mwingi. Lakini nilipolala fikira moja ilinijia, nayo haijaniacha tangu usiku ule. Miaka kadhaa kabla ya hapo mimi mwenyewe niliondoka kwenda nchi ya mbali kutafuta shahada ya udaktari. Mwanangu wa kwanza alikuwa na miezi mitano. Nilirudi anatembea, anasema, na ananikimbia. Katika safari yangu hakikuitishwa kikao. Hakuna aliyeniuliza mtoto nitamwachia nani. Palichinjwa mbuzi, na baba mkubwa yule yule alinibariki kwa maneno ya fahari. Deni langu halikuwa dogo kuliko la mdogo wangu. Lilikuwa kubwa zaidi, kwani nilikaa miaka na yeye alikwenda kwa mwaka mmoja. Tofauti ni kwamba lake lilihesabiwa hadharani na langu halikuhesabiwa kabisa. Mke wangu ndiye aliyelilipa, kimya kimya, na kwa kuwa alilipa kimya watu walidhani halikuwapo.

Nasema haya mapema ili msomaji ajue kwamba nitakapopima hoja za watu wengine, mimi si hakimu aliyetoka nje ya shauri.

Hoja ya kwanza, nayo ndiyo inayosikika sana, ni kwamba mzazi husoma kwa ajili ya watoto wake. Atapata kazi bora au mshahara mzuri, nyumba itakuwa na bati, karo italipwa, na watoto watashukuru. Hoja hii ina ukweli, lakini ukweli wake ni nusu. Kwanza, faida hiyo haina dhamana. Wako wengi waliosoma na mishahara yao ikabaki pale pale. Pili, hata faida ikija, haiji kwa yule aliyetozwa gharama. Mtoto wa miaka saba atakayefaidi akiwa na miaka kumi na mitano atakuwa mtoto mwingine. Yule wa miaka saba alitaka mtu wa kumtoa mwiba mguuni jioni ile, na jioni ile haiwekwi akiba ili ilipwe baadaye pamoja na faida.

Tatu, na hili ndilo zito kuliko yote, hoja hii hugeuza mizani. Mzazi asemaye, "Nimeteseka kwa ajili yako," amemtwika mtoto deni. Aliyekopa amekuwa mdai, na aliyekopwa amekuwa mdaiwa. Mtoto alitoa mama yake kwa mwaka mzima bila ya kuulizwa, na sasa anaambiwa alipe kwa utii, kwa alama nzuri za shule na kwa shukrani isiyokwisha. Nimewaona wazazi wasomi wakifanya hivi, nami nimejikuta nikifanya hivyo. Ni dhuluma ivaayo joho la mapenzi.

Hoja ya pili husema kwamba mzazi naye ni mtu. Kuzaa hakufuti nafsi ya mtu, na akili yake haikuacha kuona njaa siku alipopata mtoto. Hoja hii naikubali kuliko ile ya kwanza, kwa sababu ni ya kweli na haijifichi. Mama aliyeua kila shauku ndani yake ili asiwakosee watoto wake huweza kuwakosea kwa njia nyingine, maana uchungu wa mtu aliyejinyima hupata mlango wa kutokea. Tena, mtoto akimwona mzazi wake akihangaika na hesabu, akikosea, akifuta, akianza tena, hupata somo lisilofundishwa kwa fimbo. Hata hivyo haki ya kukopa haifuti deni. Mtu ana haki ya kukopa fedha, na baada ya kukopa anadaiwa.

Hoja ya tatu ni ya wajibu kwa umma. Katika nchi yetu hoja hii ina historia, na vijana wa leo hawaijui vya kutosha. Mwaka 1964, akieleza Mpango wa Kwanza wa Maendeleo wa Miaka Mitano, Mwalimu Julius Nyerere alitoa shauri kwamba taifa lianze na elimu ya watu wazima, kwa kuwa watoto walio shuleni wangechukua miaka mingi kabla ya kuleta badiliko. Mwaka 1970 ulifanywa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Sensa ya 1967 ilikuwa imehesabu watu 12,313,469 Tanzania nzima, na wengi wa watu wazima hawakujua kusoma. Mtihani wa taifa wa 1975 ulionyesha kuwa wasiojua wamebaki kama 39 kwa kila mia. Watu hao hawakuwa vijana wasio na mizigo. Walikuwa akina baba waliotoka shamba, na akina mama waliofika darasani chini ya mwembe na mtoto mgongoni. Kisha mwaka 1974 Azimio la Musoma likataka waingiao chuo kikuu wawe kwanza wamefanya kazi, na washuhudiwe na wenzao wa kazini. Sharti hilo lililegezwa baadaye, nalo lilikuwa na kasoro zake, lakini lilibeba wazo lisilostahili kutupwa: kwamba mtu aliyekwisha kubeba majukumu huleta darasani kitu ambacho kijana hana.

Wazo hili nalitia katika takwimu, kwa kuwa ndiyo elimu aliyoifuata ndugu yangu, na ndiyo elimu ambayo siku hizi kila mwenye kazi huambiwa aitafute asije akaachwa nyuma. Vyuo vya kuifundisha tunavyo. Chuo cha Takwimu cha Mashariki mwa Afrika kiko Dar es Salaam, na Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1992, kiliwekwa kwa ajili ya watu wasioweza kuacha kazi na nyumba zao. Lakini takwimu ni elimu ya namna gani? Wengi hudhani ni ufundi wa mashine: mtu hujifunza programu, hubonyeza, na mashine hujibu. Mimi nadhani kabla ya kuwa ufundi ni ushahidi. Lugha yetu yenyewe inajua jambo hili. Tunasema kuhesabu, na tunasema kutoa hesabu. La kwanza ni kujua idadi na la pili ni kujibu kwa matendo yako. Wenye kuamini hungoja Siku ya Hesabu, na hakuna adhaniye kwamba siku hiyo ni ya kujumlisha tu.

Chukua mfano ulio karibu nasi. Sensa ya mwaka 2012 ilikuta watu 564,604 katika Mkoa wa Katavi. Sensa ya Agosti 2022, iliyofanywa kwa vishikwambi badala ya karatasi, ilikuta 1,152,958. Katika miaka kumi watu wa mkoa wetu wamezidi maradufu, na sehemu kubwa ya ongezeko hilo ni wageni walioingia kutafuta ardhi na malisho. Sasa tuseme zahanati fulani inadhaniwa kuwa na watoto 200 kwa makadirio ya zamani, nayo imechanja watoto 260. Jedwali litaonyesha kwamba imechanja asilimia 130, na mkuu aliye mbali ataisifu. Lakini ikiwa watoto wa kweli ni 400, zahanati hiyo imechanja 65 katika kila mia, na watoto 140 wanatembea kijijini bila ya kinga. Kosa haliko juu ya mstari, liko chini yake, katika namba ambayo shuleni tulifundishwa kuiita asili. Neno asilimia limeungwa kwa asili na mia. Na namba isiyojua asili yake hudanganya hata kama kila tarakimu ya juu imeandikwa kwa uaminifu.

Nani atakayeliona kosa hilo? Mashine haitaliona, kwani kwake 130 ni namba kama nyingine. Kijana mwerevu aliye mjini huenda akalishuku. Lakini muuguzi ajuaye kwamba nyuma ya kile kichaka wamehamia watu wenye ng'ombe, na kwamba wake zao hawajafika kliniki, yeye analijua kabla ya kufungua jedwali. Amewaona. Amewapimia watoto wao uzito. Tena yeye mwenyewe ni mzazi, anajua kwamba mmoja katika safu ya namba ni mtoto mwenye jina, anayelia usiku. Kwa hiyo ulezi, ambao kikao chetu kiliutaja kuwa kizuizi cha masomo yake, ulikuwa sehemu ya sifa za kumstahilisha kusoma. Kuhusu samaki wa baba mkubwa, jibu langu ni kwamba mbao kavu haikunjiki, lakini hakuna fundi ajengaye nyumba kwa mbao mbichi.

Tena kuna jambo la heshima. Mpimbwe imekuwa ikichunguzwa tangu miaka ya 1990 na wataalamu wa elimu ya binadamu kutoka nje, na ndoa na uzazi wa Wapimbwe umeandikwa katika majarida ya ng'ambo kwa hesabu zilizofanywa kwa uangalifu. Siwalaumu, walifanya kazi ambayo sisi hatukuifanya. Lakini si jambo la fahari kwa watu kuhesabiwa daima na kutojua kusoma hesabu yao. Mwenye kusomewa barua yake na mwingine hulazimika kuamini aliyoambiwa.

Basi hoja ya tatu ina nguvu. Nilipofika hapa katika fikira zangu niliona kama nimemaliza: masomo ya ndugu yangu ni wajibu kwa umma, na kwa hiyo deni lake kwa watoto limefutika. Alinisahihisha mpwa wangu, mvulana wa miaka saba.

Ndugu yangu alirudi kwa likizo baada ya muhula wa kwanza, nami nilikuwa Usevya kumtazama Mama. Watoto walikuwa wakikaa kwa bibi yao. Katika ukuta wa jiko, nyuma ya mtungi, tuliona mistari ya makaa, mifupi, imepangwa safu kwa safu. Mtoto alisema kuwa ni siku za mama yake. Kila jioni alichora mmoja. Neno takwimu lilitoka Kiarabu, na huko maana yake mojawapo ni kalenda. Mtoto asiyejua neno hilo alikuwa ameirudia maana yake. Mama yake alikaa chini, akahesabu. Alikuwa hayupo kwa siku 117. Mistari ilikuwa 94.

Mtu mwingine angalidhani kwamba katika siku 23 zilizopungua mtoto hakumkumbuka mama yake, au angalizipuuza. Lakini huyu alikuwa amejifunza, tena kwa gharama, kwamba nafasi tupu si sifuri mpaka iulizwe. Akauliza, "Mwanangu, siku ambazo hukuandika, ilikuwaje?"

Mtoto akafikiri. "Siku nyingine makaa yalikuwa ya moto. Siku nyingine nilikuwa nacheza, nikasahau. Siku nyingine nilikuwa na homa, nikalala zahanati."

Mama yake hakujua habari ya homa. Alimtazama Mama yetu, na Mama yetu akanitazama mimi. Mtoto alikuwa ameshikwa na malaria kali, akalazwa siku nne, katika wiki ile ile ambayo mama yake alikuwa akifanya mitihani. Mama alinipigia simu kuniuliza kama amwarifu binti yake. Mimi, ndugu yake mkubwa, mwalimu wa chuo kikuu, mtetezi wake katika kikao, nilimshauri asimwambie. Nilisema tumwache asome kwa utulivu, kwani habari hiyo ingemvuruga bure na mtoto alikwisha kuanza dawa. Kila jioni alipopiga simu aliambiwa, "Hatujambo, wote wazima." Nilidhani namfanyia wema. Nilikuwa nimeacha nafasi tupu katika karatasi yake, naye akaisoma kuwa sifuri.

Hakunigombeza. Aliniambia baadaye, tukiwa tunaanika mpunga wa Mama, "Kaka, kusahau kwake kwa ajili ya mchezo kumenifurahisha. Hizo ndizo siku nitakazozikumbuka nikilala kule chuoni. Lakini zile nne zilikuwa zangu, nawe umezichukua. Ningeziacha karatasi za mtihani nikaja, au ningekaa nikaandika huku nalia. Lakini ingekuwa ni mimi niliyechagua." Sikuwa na jibu.

Tangu siku hiyo nimeliona deni la mzazi mwanafunzi kwa namna nyingine. Naona kwamba halifutwi na umuhimu wa masomo, hata masomo yawe ya kuokoa maisha. Watoto 140 wasiochanjwa ni hoja ya kumruhusu mama aende. Si hoja ya kumwambia mtoto wake kwamba hakukosa kitu. Mambo mawili haya ni kweli pamoja, na heshima ya akili ni kuyabeba yote mawili bila ya kulitumia moja kulifuta jingine. Mtu aliyefanya jambo la haki huweza kudaiwa, kama vile aliyekopa ng'ombe wa jirani kwa kumpeleka mgonjwa hospitali hudaiwa ng'ombe huyo ingawa safari yake ilikuwa njema.

Ikiwa ni hivyo, malipo huanza kwa kukiri. Mzazi amwambie mtoto wake kwa maneno ayawezayo: nakwenda, nitakukosa, wewe utanikosa, na kukosa huko ni kwa kweli, nakwenda kwa sababu hii. Asimwambie kwamba ni kwa ajili yake, kama si kwa ajili yake. Mtoto huelewa zaidi ya tunavyodhani, na asichoelewa hukiweka mpaka siku atakapokielewa.

Pili, deni la namna hii ni zito kwa mtu mmoja, na halikukusudiwa kuwa la mtu mmoja. Shemeji yangu alijifunza kupika, na leo hupika wali kuliko sisi sote. Mama alichukua wajukuu. Lakini ukoo ambao ulikuwa mwepesi wa kuitisha kikao ulikuwa mzito wa kushika zamu, nami nilikuwa miongoni mwao, kwani ushauri wa simu si zamu. Aidha, vyuo navyo vina fungu lao. Chuo kinachowaita wenye kazi na watoto, kisha kikaweka ratiba kama kwamba wanafunzi wake wote ni vijana wa bweni, kimewaita watu kwa jina na kuwapokea kwa jina la wengine. Sisi tufundishao tunajua ni mara ngapi tumemhesabu mzazi kuwa mvivu kwa sababu alichelewa, bila ya kuuliza nafasi hiyo tupu ina maana gani.

Tatu, na hili limenigusa mimi, waliobaki nyumbani hawana haki ya kumlinda msafiri na ukweli wa nyumba yake. Kumficha habari kwa jina la huruma ni kumwondolea uzazi wake kwa kipindi cha masomo, kisha kumrudishia akihitimu, kama vazi lililowekwa dobi. Aliyekubali kuwa mzazi na mwanafunzi kwa pamoja aachwe awe yote mawili, pamoja na maumivu yake.

Mwisho, malipo yenyewe ni ya kitu kile kile kilichokopwa, nacho ni wakati. Zawadi kutoka mjini si malipo. Nguo mpya si malipo. Mimi nilimletea mwanangu gari la kuchezea kutoka nchi ya mbali, naye alilipokea, akaenda kucheza nalo kwa mama yake. Ilinichukua miaka kujua kwamba alikuwa akinipa stakabadhi ya kiasi nilicholipa. Leo ana miaka kumi na minne, nami jioni hukaa naye bila ya kitabu, mara nyingi bila ya kuzungumza. Sijui kama nitalipa yote.

Ndugu yangu alimaliza masomo yake, akarudi katika zahanati ile ile. Amewafundisha wenzake kuandika sifuri kwa mkono wao wenyewe pale ambapo hakika hapana, na kuandika sababu pale ambapo haikuandikwa. Ni kazi ndogo, wala haitamtia katika magazeti. Mshahara wake haujabadilika. Mistari ya makaa ingali ukutani kwa Mama, kwani mvulana amekataa isipakwe chokaa. Na katika nafasi nne zilizokuwa tupu, mama yake amechora mistari yake mwenyewe, mirefu kuliko ile ya mtoto, ili ijulikane kuwa iliandikwa baadaye.

Nikiulizwa leo kama mzazi mwenye kazi ana haki ya kurudi darasani, nitajibu kwamba anayo, na baba na mama wanayo sawasawa. Nikiulizwa kama ana deni, nitajibu kwamba analo, na baba na mama wanalo sawasawa. Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa. Mimi naongeza neno moja tu juu ya hekima yao, nalo nimelipata kwa mtoto wa miaka saba: alipaye lazima kwanza ahesabu, na anayehesabu lazima aulize kila nafasi tupu.